Silaha Alizoziacha Mkwe: Barua kwa Baba Mkubwa

Pittsburgh, Marekani

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, na mama watoto ameanza kupata nafuu ya majonzi tangu tulipomzika baba yake. Nimesikia kwamba huko nyumbani inasemekana nimerithi shehena ya silaha, nami naona ni heri nieleze mambo yalivyo kabla maneno hayajatiwa chumvi zaidi.

Mrithi ni mke wangu, si mimi, na hakuna silaha iliyoingia nyumbani kwetu. Marehemu alizipata kwa baba yake, aliyepigana Ujerumani mwaka 1945, na kwa baba yake mdogo, aliyekuwa upande wa Pasifiki. Askari wa Marekani wa wakati ule waliruhusiwa kurudi na baadhi ya nyara zao, mradi afisa awaandikie cheti cha kuthibitisha ruhusa hiyo. Cheti kimoja tumekikuta kimekunjwa ndani ya mkoba wa ngozi wa bastola aina ya Luger. Karatasi imegeuka rangi ya chai, lakini namba iliyopigwa taipureta inalingana na ile iliyogongwa kwenye chuma.

Ya pili ni bunduki ya Kijapani, Arisaka. Juu ya chemba yake, pale risasi inapokaa, limechorwa ua la petali 16, alama ya Mfalme wa Japani. Katika bunduki nyingi zilizosalimishwa vita vilipokwisha, ua hilo lilikwanguliwa kabla ya kukabidhiwa, kwa hiyo ua lililo zima hudokeza kwamba bunduki ilitwaliwa mapambano yakiendelea. Nani aliishika kabla ya hapo, sipendi kulifikiria sana.

Hizo mbili hazikutusumbua, kwa maana sheria ya serikali kuu humruhusu mrithi kuchukua bastola au bunduki ya kawaida ya marehemu hata kama wanaishi majimbo tofauti, ilimradi hayumo miongoni mwa waliokatazwa kumiliki silaha. Shemeji yangu atazitunza katika kabati lake la chuma. Iliyotutoa jasho ni rashasha ya Kijerumani, MP40, iliyokuwa darini ndani ya sanduku la vifaa vya ufundi. Mtutu wake umezibwa kwa kuchomelewa, na ukoo mzima uliamini kwamba ni chuma cha kutazama tu. Sheria ya mwaka 1934 ilitaka rashasha ziandikishwe, ingawa baada ya vita serikali ililegeza kamba kwa zilizozibwa namna hiyo. Mwaka 1968 sheria ikabadilika, hata iliyozibwa ikahesabiwa kuwa rashasha, na wenye nazo wakapewa msamaha wa siku 30, kuanzia tarehe 2 Novemba, waziandikishe. Mzee aliyeileta ama hakusikia ama alipuuza, na msamaha wa namna ile haujatolewa tena. Ingekuwa imeandikishwa, mke wangu angejaza fomu na kuhamishiwa bila ushuru. Kwa kuwa haikuandikishwa, hakuna namna ya kuihalalisha mikononi mwa raia, na adhabu yake hufikia kifungo cha miaka 10.

Shemeji mwingine alishauri irudishwe darini na watu wanyamaze. Nilipinga waziwazi, ingawa mimi ni mkwe tu katika kikao kile, kwa sababu kunyamaza huko kungekuwa kuwarithisha watoto wetu kesi. Hatimaye tulikubaliana kumwendea wakili, naye anapanga namna ya kuikabidhi kwa mamlaka. Mke wangu alilia kidogo. Kwake ni mkono wa babu yake unaondoka.

Nimemkumbuka sana Babu. Yeye na Keya wenzake, yaani askari wa King's African Rifles wa jeshi la Mwingereza, wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipita bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, katika mvua na matope, hadi Kalewa kwenye mto Chindwin, wakipambana na jeshi lililobeba bunduki za Arisaka kama hii. Bunduki ya serikali aliirudisha, akaja nyumbani na nishani na koti zito, nami naona hakupunjwa.

Kama cheti chake cha kuachishwa jeshi bado kiko kwako, naomba umwambie mdogo wangu akipige picha pande zote mbili, namba ya Keya ionekane vizuri, kisha kiwekwe mahali pasipofikiwa na mchwa. Wasalimie wote.

Ni mimi mwanao.