Shemeji, kompyuta isiyo na skrini haina mdomo

Shemeji yangu wa Arua,

Msalimie dada yangu, mwambie angara (wale samaki wakavu) alizonitumia zilifika salama, na abiria wote wa lile basi walijua zimefika. Swali lako la juzi kwenye simu naona bora nilijibu hapa hadharani, maana wewe ni mtu wa tatu kuniuliza mwezi huu.

Unasema umepata kompyuta kuukuu ya shuleni, umeipachika mfumo endeshi wa Debian, umeiweka pembeni bila skrini wala kibodi, na sasa unataka iwe inashusha toranti usiku kucha, yaani mafaili makubwa ambayo watu hugawiana vipande vipande moja kwa moja kati ya kompyuta zao. Wazo zuri. Faili la Ubuntu ya kawaida, mfumo endeshi mwingine wa bure, linazidi GB 5, na Wikipedia ya Kiingereza yenye picha, ile ya Kiwix inayosomeka bila intaneti, inazidi GB 100. Ukivishusha kwa kivinjari, umeme ukikatika unaweza kujikuta unaanza upya. Toranti humegwa vipande vidogo, kila kipande hukaguliwa chenyewe, kwa hiyo umeme ukirudi inaendelea ilipoishia. Bram Cohen alipoubuni mfumo huu mwaka 2001 sidhani alikuwa anawaza umeme wetu, lakini umetufaa. (Mambo ya filamu za kibanda cha video usinihusishe. Mimi nazungumzia vitu ambavyo wenyewe wamesema tuchukue.)

Kusakinisha ni dakika mbili. Ingia kwa SSH, njia ya kuiamuru mashine ukiwa mbali, andika `sudo apt install transmission-daemon`, basi. Hiyo Transmission ndiyo programu ya kushusha toranti. Kazi iko kwenye faili la mipangilio, `/etc/transmission-daemon/settings.json`. Hapo wengi hubadilisha nywila, huhifadhi, huwasha upya, wakirudi wanakuta kila kitu kama kilivyokuwa. Sababu ni kwamba programu inapozimwa huandika upya faili hilo kutoka kwenye kumbukumbu yake, na ulichoandika wewe kinafutika. Simamisha kwanza kwa `sudo systemctl stop transmission-daemon`, ndipo uhariri, ndipo uwashe. Ukilifungua tena na kukuta nywila yako imegeuka msururu wa herufi usioeleweka, usishtuke, imefichwa makusudi.

Jambo jingine dogo: programu hii haitumii jina lako, inatumia yuza (mtumiaji) wake aitwaye `debian-transmission`. Folda ya kuhifadhia ikiwa ni mali yako wewe, yeye atakataliwa kuandika. Mkabidhi folda kwa amri ya `chown`, inayobadilisha mwenye mali, yaishe.

Sasa nikwambie lililonipata, maana hapa ndipo penye kazi.

Mashine yangu iko Bombo, ndani ya kabati la Mama, na diski ya nje ya TB 1 imening'inia kwa waya wa USB. Mimi nakaa Kampala. Siku moja umeme ukakatika, ukarudi, na mashine haikuonekana tena mtandaoni. Nampigia Mama, ananiambia, "Taa yake inawaka, mwanangu, imekaa tu." Nikabeba skrini ya mtumba, nikaipakata kwenye bodaboda hadi kituo cha teksi, nikafika Bombo jioni. Kuichomeka tu, nikaona mfumo umegoma kuwaka mpaka mtu aje abonyeze kibodi, kwa sababu diski ya nje haikuamka upesi na mimi nilikuwa nimeiandika kwenye `/etc/fstab`, faili linaloorodhesha diski za kuunganishwa mashine inapowaka, kama kitu cha lazima. Siku mbili ilikuwa inangoja mtu, na haikuwa na pa kusemea.

Nikaongeza neno `nofail` kwenye mstari wa diski hiyo, yaani ikikosekana mfumo uendelee kuwaka. Nikarudi Kampala nikijisifu.

Umeme ulipokatika tena, mfumo ukawaka vizuri bila diski. Transmission nayo ikaikuta `/mnt/ghala`, pale diski ya nje inapounganishwa, ni folda tupu tu, ikaanza kumwaga kila kitu humo, yaani kwenye diski ndogo ya mfumo, hadi ikajaa pomoni. Dawa ya kwanza ndiyo iliyoleta ugonjwa wa pili! Kilichoniponya ni mistari miwili. Andika `sudo systemctl edit transmission-daemon`, kisha uweke:

`[Unit]`
`RequiresMountsFor=/mnt/ghala`

Maana yake, diski isipokuwepo, Transmission haiwaki. Na kwenye fstab itaje diski kwa UUID yake, ile namba yake isiyobadilika, si kwa jina kama `sdb1`, maana majina hayo huhamahama. Mwisho, kabla hujaificha pembeni, ingia BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka, uiambie mashine iwake yenyewe umeme unaporudi.

Kuhusu saa, utacheka. Kuna hali ya mwendo wa polepole, ile yenye alama ya kobe, ambayo unaweza kuipangia muda ili mchana walimu wa hapo shuleni wapate intaneti. Nilitaka ianze saa mbili asubuhi, nikaandika 120, dakika za saa mbili. Ikaanza usiku wa manane! Programu inahesabu dakika kuanzia saa sita usiku, haijui kwamba sisi siku yetu huanza na jua. Saa mbili asubuhi ni 480, na saa kumi na mbili jioni ni 1080. Hakikisha pia seva inajua iko wapi: `sudo timedatectl set-timezone Africa/Kampala`. Ikibaki kwenye UTC, saa ya kimataifa, itakuwa nyuma yako kwa saa tatu.

Kisha bandeli, yaani kifurushi cha intaneti. Toranti haishushi tu, inapandisha pia, na unalipia kote kote, pamoja na ile kodi ya intaneti ya Uganda ya asilimia 12 iliyoanza Julai 2021. Kawaida yake haina kikomo cha kupandisha. Weka `ratio-limit-enabled` iwe `true` na `ratio-limit` iwe 1, yaani urudishe kiasi ulichopewa. Kuchukua bila kurudisha chochote ni uchoyo, lakini kufilisika nako sikushauri.

Ukurasa wa kuiendeshea Transmission uko poti (mlango wa mtandao) 9091. Usiufungue kwa dunia. Kwenye laptopu yako andika `ssh -L 9091:localhost:9091` ukifuatisha yuza na anwani ya seva, kisha ufungue `localhost:9091` kwenye kivinjari. Huna haja ya kugusa chochote kwenye ruta.

Skrini ya kuingilia BIOS azima kwa mwalimu mkuu. Yangu usiniombe: niliiacha Bombo, Mama ameshaifunika kitambaa cha kudarizi na kuweka maua juu.