Mdogo wangu, soma mstari wa pili wa ile karatasi

Mdogo wangu,

Juzi uliponipigia simu kutoka Kadutu ulitamka neno moja tu, kansa, halafu ukanyamaza. Nikabaki namsikia mama kwa mbali akiuliza ni nani huyo kwenye simu. Nakujibu hapa mbele ya watu kwa sababu najua Bukavu kuna nyumba nyingi zenye mtu aliyevimba shingo na uvimbe wake haujapewa jina.

Picha ya karatasi ya majibu ya maabara uliyonitumia nimeikuza mpaka herufi zikaonekana. Mstari wa kwanza ni limfoma ya Hodgkin, yaani saratani ya tezi za limfu, nawe uliishia hapo. Chini yake, kwa maandishi madogo, wameandika «sclérose nodulaire». Huo ndio mstari nataka tuusome pamoja.

Hodgkin alikuwa daktari wa London. Mwaka 1832 aliandika habari za wagonjwa waliovimba tezi na wengu. Saratani hii huanza kwenye seli nyeupe za damu zinazokaa ndani ya tezi, nayo ina makundi mawili. Lile la kawaida ndilo lenye karibu wagonjwa 95 kati ya 100. Ukiweka tezi chini ya hadubini unakuta seli kubwa yenye viini viwili, na madaktari huifananisha na macho ya bundi. Najua kwetu bundi akilia juu ya paa hakuna anayelala. Huyu wa maabara usimwogope. Yeye ndiye aliyemwonyesha daktari ugonjwa wako.

Kundi hilo lina matawi manne. Lako, hilo la «sclérose nodulaire», huacha makovu magumu yanayoigawa tezi vinundu vinundu. Huwapata sana vijana, na mara nyingi hukaa kifuani, katikati ya mapafu. Kile kikohozi chako sasa nakielewa. Tawi la seli mchanganyiko huonekana zaidi katika nchi maskini na kwa wenye VVU, na mara nyingi seli zake zina kirusi cha Epstein-Barr. Kuna lenye limfositi nyingi (aina ya seli nyeupe za damu), ambalo ni pole kidogo, na lenye limfositi chache, adimu na kali. Yote manne hutibiwa kwa namna inayofanana. Idadi ya mizunguko ya dawa hutegemea zaidi ugonjwa umefika wapi mwilini, na hiyo ndiyo hatua. Hatua ni kitu kingine, aina ni kitu kingine.

Kundi la pili ni dogo. Huenda polepole, seli zake hubeba alama iitwayo CD20, na tiba yake inaweza kuwa tofauti kabisa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mjomba wake alipona Hodgkin kwa mionzi peke yake, muulize kwanza ilikuwa aina gani.

Kinachoniuma ni ile miezi mitano ya dawa za kifua kikuu. Homa, jasho la usiku, kukonda: magonjwa haya mawili yanafanana mno, na pale kituoni walikuandikia vidonge bila kuchukua kipande cha tezi kukipima. Mimi mwenyewe nilikuwa nakukumbusha kuvimeza kila asubuhi. Mwenye mtoki usioisha aombe tezi nzima itolewe na kupimwa. Sindano nyembamba huvuta seli chache, na bundi anaweza kukosekana humo.

Kabla hujaanza dawa, uliza kuhusu moyo na mapafu yako, maana baadhi ya dawa hizo huvigusa. Uliza pia kuhusu kupata watoto baadaye. Usione haya.

Mama ananiambia shangazi amekutengea kikombe cha bluu na sahani yako. Ugonjwa huu hauambukizi. Hata hicho kirusi cha Epstein-Barr, karibu watu wazima wote tunacho tayari. Nikipata boti ya kutoka Goma wiki hii nakuja, na chai ya kwanza nitainywea kwenye kikombe hicho, shangazi akiwa amekaa hapo hapo.

Yaya wako