Kome aliyegeuka

Amsterdam, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, wasiwasi ni juu yako tu na kifua cha bibi yako. Mwambie dawa asiziache njiani hata akijisikia nafuu.

Juzi ulinitumia mchoro wa ngalawa kwenye simu, na kabla sijautazama vizuri ukaufuta. Nilipokuuliza ukasema umekosea: bendera inapepea huku, tanga limevimba kule. Nilitaka kukujibu siku ile ile, lakini zamu zilinibana.

Leo nimepumzika, nikaenda mtaa wa Jodenbreestraat kwenye nyumba aliyokuwa akiishi Rembrandt, mchoraji wa zamani wa huku. Aliinunua mwaka 1639 kwa gulden 13,000, fedha ya zamani ya huku, deni likamshinda, na 1656 akafilisika. Wakaingia watu kuorodhesha kila alichokuwa nacho, mpaka makome yake ya baharini. Sasa ni makumbusho.

Nilitegemea mapicha makubwa ya rangi. Kumbe nyumba hii utajiri wake ni vikaratasi, michoro aliyoichora kwenye mabamba ya shaba na kuichapa kwa wino mweusi. Alitengeneza karibu 290, na makumbusho wanayo takriban yote, ingawa huonyesha machache kwa wakati mmoja. Taa wamezififiza, maana mwanga hula karatasi. Upo mmoja wa mwaka 1630, sura yake mwenyewe, macho kayatoa na mdomo wazi kama aliyesikia bei ya sukari, na hauzidi stempu kubwa. Ule unaosifiwa kuliko yote, Yesu akiponya wagonjwa, watu walikuwa wamejazana mbele yake. Sikusukumana nao.

Nilikaa kwenye mchoro wa mama wa chapati za maji. Ni wa 1635. Bibi kainamia kikaango, watoto wamemzunguka, na mbele kabisa kuna mdogo mmoja kaishika chapati yake kwa nguvu zote, anamgeuzia mbwa bega, na mbwa kaingiza pua hapo hapo. Ungemwona ungesema ni wewe na yule paka wa jirani.

Kisha tukaonyeshwa kazi yenyewe. Bamba la shaba hupakwa nta, nawe unachora kwa sindano ukiikwangua nta tu. Likitiwa kwenye tindikali, penye mkwaruzo panalika, penye nta panabaki salama. Nta ikishatolewa, wino unasuguliwa ndani ya vile vijifereji, juu panafutwa kwa kitambaa, na mwisho kwa kiganja kitupu. Karatasi yenye unyevunyevu inalazwa juu yake, vyote vinapitishwa kwenye mashine yenye rola mbili nzito. Dada aliyekuwa akituonyesha alipoikamata karatasi kwa kona na kuibandua polepole, harufu ya wino ikanipiga, nikamkumbuka babu yako.

Babu yako hukumkuta. Alikuwa akichonga mihuri ya raba pale barazani, herufi zote kinyumenyume, kwa wembe. Nilipokuwa na miaka tisa alinipa kipande nichonge jina langu. Nikalichonga vizuri kabisa, linasomeka, nikaona nimemaliza ufundi wote. Nilipoligonga kwenye karatasi likatoka limegeuka. Babu alicheka mpaka kofia ikamdondoka, akauchukua ule muhuri akaugonga kwenye jalada la daftari lake la madeni, na likakaa hivyo hivyo miaka yote.

Sasa sikiliza. Ghorofani kuna mchoro wa kome mmoja, wa mwaka 1650. Ni kome wa umbo la koni, mweusi mwenye mabaka meupe, aina iliyokuwa ikiletwa kwa meli kutoka bahari za mashariki. Mchoro wenyewe unakaa kwenye kiganja. Katika nakala za kwanza nyuma yake ni peupe, baadaye akapajaza mistari mpaka pakawa giza na kome akang'aa. Mpaka kivuli chake unakiona kimelala chini.

Lakini amegeuka. Kome halisi wa aina ile huzunguka kulia, huyu anazunguka kushoto. Rembrandt alimchora kwenye bamba kama alivyomwona mezani, na karatasi ikampindua. Jina lake hapo chini, pamoja na mwaka, vimetoka sawasawa, maana yake aliviandika kinyume kwa makusudi. Jina alilikumbuka, kome akamsahau! Nilicheka peke yangu, mlinzi akanitazama. Na bamba alilirudia kwa ajili ya lile giza la nyuma, kome akamwacha vile vile.

Nimekununulia kadi yake. Yuko mtu anakuja Tanga mwezi ujao, nitampa. Ikifika, nenda ufukweni maji yakitoka uokote kome yeyote, ila hakikisha mnyama mwenyewe hayumo ndani. Hao wa umbo la koni wakiwa hai wana sumu, usiwaguse. Mshike ncha ikiwa juu na mdomo ukikutazama, uone mdomo umekaa upande gani. Halafu iweke kadi mbele ya kioo cha kabati la bibi, umlinganishe na wa Rembrandt.

Na ile ngalawa, kama bado ipo kwenye daftari, ipige picha tena. Usirekebishe bendera kwanza.

Mama yako