Barua kwa mwanangu: jiko la uani libaki uani

Tabora

Mwanangu Zuhura,

Assalamu alaykum. Huku hatujambo. Mama yako mafua ya vumbi yamemshika, lakini anapika na anagomba kama kawaida, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Hela uliyotuma ya kutengeneza jiko imefika, na picha zako zimefika pia. Nimeziangalia zote: marumaru nyeupe mpaka juu, kabati za kung'aa, silingi ya gipsamu yenye taa zilizofichwa, na ile kaunta iliyokaa katikati ya sebule. Ni majiko mazuri, sikatai. Nimekaa na fundi uliyemtuma, tumepima, tumebishana, na sasa nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unanishinda maneno.

Kwanza, ukuta wa sebule hauvunjwi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na nyumba za mtaa wetu zilifuata baada ya hapo, kila moja na akili ya wakati wake. Yetu haina lenta, ule mkanda wa zege unaofunga kuta juu. Ni matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, na juu yake lipu ya chokaa. Ukuta unaotaka uondoke ili sebule na jiko viwe kitu kimoja ndio uliobeba kenchi, yaani mbao zinazoshika paa. Fundi anasema ataweka nguzo mbili na boriti ya zege. Nikamuuliza, siku utakayoutoa ukuta, kabla zege halijakomaa, paa litashikwa na nani? Akacheka. Mimi sikucheka.

Halafu waliojenga jiko uani hawakukosa nafasi ndani. Walikuwa wanauogopa moto, hawautaki moshi, na wanalijua joto la hapa mwezi wa kumi, mvua zinapochelewa na bati likaanza kulia saa nne asubuhi. Ukikaanga vitunguu sebuleni, usiku utalala navyo.

Unalalamika kwamba jiko lile ni dogo, mtu akifungua mikono anagusa kuta mbili. Mwanangu, umesahau kwamba nilikulea kwa mshahara wa mpishi wa behewa la chakula. Jiko la garimoshi ni ujia tu. Unasimama mahali pamoja, miguu umeipanua kidogo kwa sababu ya mtikisiko, mkono wa kushoto uko kwenye moto, wa kulia kwenye ubao wa kukatia, nyuma yako sinki, juu ya kichwa sahani. Kila rafu ina ukingo wa mbao wenye kimo cha vidole viwili ili vyombo visimwagike behewa likipinda. Masufuria yananing'inia kwenye kulabu, kila moja na kulabu yake, na ole wake atakayebadilisha. Humo tulipika wali, kuku, mchuzi na chai ya behewa zima, kutoka hapa mpaka Kigoma, na hakuna abiria aliyeuliza jiko lina ukubwa gani.

Tena wewe ndiye uliyenisimulia habari za yule mama msanifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, aliyebuni jiko la nyumba za wafanyakazi kule Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1926. Ukanieleza kwamba jiko lenyewe lilikuwa na upana wa kama mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, na yakajengwa takriban 10,000. Nikapenda uliponiambia kwamba alijifunza kwa kutazama majiko ya mabehewa ya chakula. Nikasema, alaa, kumbe kazi yangu ina wanafunzi Ulaya! Alihesabu hatua za mpishi kutoka kwenye jiko mpaka kwenye sinki, akazipunguza. Unga ukawekewa droo za mti wa mwaloni ili wadudu wasiusogelee, na kabati zikapakwa rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani kwa sababu iliaminika nzi hawaipendi. Sasa nashangaa, mtu aliyenifundisha hayo ndiye anayenitumia picha za jiko ambalo kutoka kwenye friji mpaka kwenye moto unahitaji baiskeli.

Ila kuna jambo moja ambalo jiko la Frankfurt lilikosea, na hata huko kwao walilalamika: lilimtosha mtu mmoja tu, akabaki amefungiwa humo na kazi yake. Mama yako hajawahi kupika peke yake. Masika uyoga unapoletwa mjini, jirani huyu anachambua, yule anaosha, wajukuu wanadokoa karanga, na habari zote za mtaa zinapita hapo. Kwa hiyo dawa si kulipanua jiko. Dirisha la upande wa ua tutalishusha na kuliwekea ubao mpana, kama lile la kupitishia sahani kwenye behewa. Haligusi kenchi, maana matofali yatakayotoka ni yale yaliyo chini ya dirisha lililopo, tao la juu linabaki lilivyo. Nje yake tunajenga kibaraza cha kukaa, chini ya mwembe. Mpishi mmoja ndani, wengine wote nje, na vyakula vinapita dirishani. Mama yako amelikubali hilo kabla sijamaliza kulieleza, jambo ambalo si la kawaida.

Sasa lipu. Hapa fundi na mimi tumevutana sana. Anataka kubandua chokaa yote, apige simenti, apake skimu ya kulainisha, kisha marumaru mpaka juu. Nikampeleka nyumba ya jirani, waliopiga simenti juu ya matofali kama yetu. Nikabonyeza kwa kidole gumba chini ya dirisha: lipu ikalia tupu, kikabanduka kipande cha ukubwa wa sahani, na nyuma yake tofali limelowa, limejaa chumvi nyeupe na limeanza kumumunyika, ukiligusa unabaki na unga mwekundu mkononi. Ukuta wa zamani hauna karatasi ya kuzuia unyevu kwenye msingi. Maji yanapanda kutoka ardhini, na chokaa huyaacha yatoke polepole na kukauka. Simenti ni ngumu na inaziba, kwa hiyo maji yanabaki ndani yakitafuna tofali, nje unaona ukuta msafi mpaka siku utakapokuangukia. Fundi akasema chokaa ni ya kupaka miti. Nimetafuta mzee mwingine anayeijua kazi: chokaa sehemu moja, mchanga uliochekechwa sehemu tatu, ukuta unaloweshwa kwanza, lipu inapigwa nyembamba nyembamba, halafu inafunikwa kwa magunia yenye maji isikauke haraka. Chokaa haigandi kama simenti. Inakomaa taratibu kwa kunyonya hewa ya ukaa, kwa hiyo haraka zako zisubiri. Marumaru nitakuwekea, lakini nyuma ya sinki na nyuma ya moto tu.

Sakafu ile nyekundu sitaki iguswe. Ufa ulioko mlangoni utazibwa kwa simenti yenye rangi nyekundu, kisha tutaisugua kwa nta ya nyuki, ambayo hapa Tabora haikosekani. Marumaru zikimwagikiwa mafuta mama yako atateleza, na mfupa wa nyonga kwa umri wake si mchezo.

Kuhusu moto wa kupikia, gesi nimekubali. Serikali nayo, kwenye mkakati wake wa mwaka 2024, imesema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Mama yako anasema yeye yumo kwenye ile 20, maharage yake hayaivi kwa moto wa buluu. Tumepatana hivi: jiko la gesi la plate mbili kwa chai, mboga na wageni wa ghafla, na jiko la mkaa linabaki chini ya dohani. Dohani yenyewe tumeizibua, ilijaa masizi na kiota cha ndege, si ajabu alikuwa anakohoa. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, lazima ipate pa kupandia.

Mtungi wa kilo 15 hautakaa ndani ya kabati kama kwenye picha zako. Utasimama nje, kwenye kijukwaa cha zege chenye kizimba, na mpira unapita kwenye tundu la ukuta. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi, inashuka na kutulia sakafuni ikisubiri kiberiti. Kwa hiyo nimetaka tundu la hewa pia chini, usawa wa sakafu, lenye wavu wa kuzuia panya. Dirisha la juu peke yake halitoshi. Umeme nao unabadilishwa wote kule jikoni. Zile nyaya ni za zamani, zimevikwa mpira na kitambaa, na mpira umekauka mpaka unavunjika ukiukunja.

Sehemu kubwa ya hela yako itaenda kwenye maji. Enzi za kutegemea bwawa la Igombe peke yake usingefikiria sinki ndani, lakini tangu maji ya Ziwa Victoria yafike huku bomba halitusumbui kama zamani. Tunaweka sinki la vyumba viwili chini ya dirisha, na maji machafu yanapita kwenye chemba ya kunasa mafuta kabla ya kwenda shimoni. Kichanja cha vyombo kinabaki uani, jua linaua vijidudu bure.

Kabati za MDF, zile mbao za unga wa miti ulioshindiliwa, nimezikataa. Maji yakizipata chini zinavimba. Nimepata mbao za mninga, kavu, kwa mtu ninayemwamini. Mchwa hauli kiini chake, na mbao zenyewe hazipindi ovyo. Chini kabati, juu rafu za wazi zenye ule ukingo wa vidole viwili. Najua nyumba haitikisiki. Nautaka tu.

Usimtumie fundi picha nyingine, anachanganyikiwa. Ukifika Kariakoo nitafutie bawaba za shaba za inchi tatu, jozi nane, na koki ya sinki yenye shingo ndefu inayozunguka, sufuria la pilau liweze kuingia chini yake. Zilizopo madukani hapa shingo zake ni fupi. Mpe mtu anayekuja kwa treni, nitampokea stesheni. Na risiti uziweke, mama yako anataka kujua bei.

Wasalaam,
Baba yako