Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliye Dubai: waliocheka walikuwa chumbani mwako

Mdogo wangu,

Umewaambia jamaa kwamba nyumba yako imeanikwa kwenye simu, na kwamba mimi ndiye niliyefunga kamba ya kuanikia, kwa kuwa nilimtafutia mkeo mshauri wa mtandaoni baada ya kujifungua. Simu zangu hupokei tangu Ramadhani, basi nakujibu hapa, maana kuna kina baba wengine huko Ghuba ambao wake zao wamewaomba wajaribu mshauri wa mtandaoni nao wakadhani ni mchezo.

Tiba ya mazungumzo ya mtandaoni imelinganishwa mara nyingi na ile ya ana kwa ana, kwa unyogovu na kwa wasiwasi, na matokeo yamekaribiana, mradi pawe na mtu anayeongoza. Programu za kujisomea peke yako watu wengi huziacha njiani. Ndiyo maana sikumpa wifi yangu, mkeo, programu ya kupakua. Nilimtafutia mtu, tena kwanza nikahakikisha amesajiliwa na bodi ya washauri na wanasaikolojia ya hapa Kenya, ile iliyoundwa kwa sheria ya 2014. Hilo hukuuliza. Uliuliza bei.

Kabla ya kuanza, wifi alijaza dodoso la Edinburgh, lile la kupima unyogovu baada ya kujifungua: maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, alama kuanzia 0 hadi 30. Ukifika 13, unyogovu unashukiwa sana. Swali la 10 ni la kujidhuru, na mama asipojibu “kamwe” hafai kuachwa hadi wiki ijayo, hata jumla yake ikiwa ndogo. Wewe uliyaita maswali ya kizungu. Ulipouliza kwa nini Mama amehamia kwako ghafla na analala chumba kimoja na mkeo, jibu lilikuwa swali la 10. Basi.

Kipindi cha kwanza cha nyinyi wawili na mshauri kilipotea kwa sababu WhatsApp huko kwenu haipigi simu, ikabidi tuhamie Zoom. Cha pili kilikatika katikati, mkapigiana wote watatu kwa pamoja, kila mmoja akimkuta mwenzake anatumika. Tangu hapo ikawekwa kanuni: mtandao ukikatika, mshauri peke yake ndiye anayepiga, baada ya dakika mbili. Na ukilegea, kamera zinazimwa, sauti inabaki. Video ya saa nzima inakula mamia ya MB, sauti peke yake makumi tu. Haya yote yalirekebishika.

Cha tatu ndicho kinachonikaa kooni. Mshauri alianza kama anavyoanza siku zote: uko wapi, nani yuko karibu? Ukasema, “Niko peke yangu.” Simu ilikuwa kitandani, kwenye spika. Wifi akafika pale pa kusema kwamba usiku humtazama mtoto na haoni kama ni wake, na nyuma yako watu wakacheka. Mimi nilikuwa ukumbini nimempakata huyo mtoto, na nilikisikia kile kicheko mlangoni.

Najua mnalala wanne chumba kimoja. Najua ni kwa ajili ya maziwa ya mtoto. Lakini ungeshuka ngazini na vipokea sauti masikioni, au ungesema tu, “Leo sina faragha,” mshauri angekusogezea siku. Wifi mwenyewe alikuwa na neno lake: akisema “gesi imeisha,” mshauri anajua mtu ameingia, anabadilisha mazungumzo. Wewe nawe ulipewa neno. Hukulitumia.

Vipindi viwili vilivyofuata alijibu ndiyo na hapana tu. Ikabidi mshauri awatenganishe: yeye peke yake kila wiki, nyinyi wawili kila baada ya wiki mbili.

Unasema nilikuharakisha kukuingiza. Huenda. Lakini mama mwenye mtoto mchanga hawezi kutibiwa kama vile mumewe hayupo duniani, na ningekuacha nje leo ungelalamika umefichwa. Pahali pekee nisipokubali kuwaunganisha mume na mke mtandaoni ni penye kipigo, kwa sababu simu ikifungwa aliyesema ukweli hubaki na aliyeudhika bila mtu wa tatu. Kwenu kipigo hakuna, nakushukuru kwa hilo na nakuambia mbele ya watu. Hatari ikitokea ghafla hatungojei kipindi: ni hospitali, au 1199 ya Msalaba Mwekundu hapa Kenya.

Na wewe je? Mama anasema unampigia saa tisa usiku, usiku baada ya usiku. Baba naye hupimwa kwa dodoso lilelile, ila kwake kizingiti huwekwa chini kidogo. Nimekutumia. Lijaze peke yako, jibu la swali la 10 usilizunguke, mtumie mshauri, si mimi. Nimemwomba akutengee dakika 50 zako mwenyewe, wifi asiwepo, nami nisiwepo.

Kipindi chako ni Alhamisi saa mbili usiku huku, kwenu saa tatu. Vipokea sauti nimempa jirani anayesafiri Jumapili, vile vya waya mrefu, ufike navyo hadi ngazini.

Dadako