Miaka 23 haimezwi alasiri moja: barua kwa vijana mnaowasomesha waliosilimu

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, wanangu.

Nawaandikia nyinyi mnaokaa na mtu pale anapomaliza kutamka shahada, machozi bado hayajamkauka. Nyinyi ndio mnaomwonyesha udhu, mnamwandikia Fatiha kwa herufi anazozijua, mnamsogeza kwenye safu aone wenzake wanavyoinama. Kazi hiyo Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini nimekaa pembeni nikawasikiliza mnavyofundisha, na sauti niliyoisikia ni yangu mwenyewe ya ujanani. Ndiyo iliyonitoa kwenye tasbihi nikashika kalamu.

Nilikuwa rika lenu. Mzee mmoja, mtu wa kunizaa, alisilimu baada ya adhuhuri, nikakabidhiwa mimi nimsomeshe. Kabla ya alasiri nilikuwa nimeshampa nguzo zote tano, faradhi za udhu na yanayoutengua, vya halali na vya haramu, ndevu, kucha, mpaka mguu wa kutangulizwa mtu akiingia chooni. Alikaa kwenye mkeka na kipande cha penseli kifupi hata kucha zake zilikuwa zikikwaruza karatasi. Kila nililosema aliandika. Ukurasa wa nne ulipojaa alizikunja karatasi zake, akazitia mfuko wa shati, akaniaga kwa adabu zote. Hakurudi tena.

Miaka ilipita ndipo nikakutana na maneno ya Bibi Aisha, mke wa Mtume, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyoyapokea Bukhari, mkusanyaji wa hadithi. Anaeleza kwamba zilizotangulia kushuka ni sura za kutaja Pepo na Moto; watu walipotulia katika Uislamu ndipo zikaja za halali na haramu. Lau jambo la kwanza kushuka lingekuwa "msinywe pombe", watu wangesema hatuiachi pombe kamwe. Niliposoma hapo nilimkumbuka mzee wangu na penseli yake.

Nguzo tano tunazitaja kwa pumzi moja kwa sababu Mtume, rehema na amani zimshukie, alizikusanya kwa kauli moja, kama alivyopokea sahaba wake Ibn Umar: Uislamu umejengwa juu ya mambo matano, yaani shahada, swala, zaka, saumu na Hija. Kwenye ulimi ni pumzi moja. Kwenye kushuka kwake ilikuwa kazi ya miaka. Wahyi, ufunuo wa Mola kwa Mtume, ulishuka mara ya kwanza katika pango la Hira mwaka 610, na neno lililotangulia lilikuwa "Soma". Kutoka hapo mpaka Hija ya kuaga, ile ya mwisho wa uhai wa Mtume, ni zaidi ya miaka 20, na wahyi wote ulichukua kiasi cha miaka 23. Muda wote huo Mola alikuwa akiwalea watu.

Mtazameni Bilal, mtumwa aliyeteswa kwa kuwa amesilimu. Amelazwa kwenye mchanga wa Makka unaochoma, jiwe zito juu ya kifua, na jibu lake ni "Ahad, Ahad", Mmoja, Mmoja. Siku hiyo hakuna saumu ya Ramadhani. Hakuna kipimo cha zaka. Hata adhana, ambayo yeye ndiye atakayekuja kuwa wa kwanza kuiadhini huko Madina, haijakuwapo. Alikuwa na neno moja tu, na lile jiwe halikulishinda.

Na mama yetu Bibi Khadija, mtu wa kwanza kumwamini Mtume, alifariki kiasi cha miaka mitatu kabla ya Hijra, yaani kuhama kwa Mtume kutoka Makka kwenda Madina. Hakufunga Ramadhani hata moja. Kwa kauli ya wanazuoni wengi hata swala hizi tano hakuzidiriki. Sasa nani kati yenu atathubutu kusema imani yake ilipungua kitu?

Msinielewe vibaya. Dini imekamilika, na aliyesilimu leo swala ni wajibu wake leo, hangoji miaka kumi kwa sababu Bilal alingoja. Nazungumzia mdomo wa mwalimu: kipi kitangulie kutoka, na kiasi gani. Hilo nalo lina sunna yake. Mtume alipomtuma Muadh bin Jabal Yemen, alimwambia awaite watu kwanza kwenye shahada. Wakiitikia, awafahamishe kuna swala tano mchana na usiku. Wakiitikia hilo, awafahamishe kuna sadaka inayochukuliwa kwa matajiri wao na kurudishwa kwa mafukara wao. Kila hatua inasubiri itikio la ile iliyotangulia. Kisha akamwonya asiwachukulie mali zao zile bora kabisa. Yaani hata kipato cha mtu na moyo wake vichungwe.

Swala ndiyo inayowasumbua waliosilimu kuliko zote, na ndiyo mnayoifundisha kwa haraka kuliko zote. Zingine wahyi wake uliteremshwa ardhini. Hii Mtume alipandishwa mbinguni kuipokea, usiku wa Miraji, kabla ya Hijra. Zilifaradhishwa hamsini. Nabii Musa akamrudisha kwa Mola wake aombe kupunguziwa, akaenda, akarudi, mpaka zikabaki tano zenye ujira wa hamsini. Na hizo tano hazikuzaliwa na umbo hili mnalolijua. Bibi Aisha anasema swala ilifaradhishwa rakaa mbili mbili, ikazidishwa kwa mkazi, ikabaki hivyo kwa msafiri. Zayd bin Arqam anaeleza kwamba mwanzoni mtu aliweza kumsemesha mwenzake wa pembeni ndani ya swala kwa haja yake, mpaka iliposhuka aya ya 238 ya Al-Baqara wakaamrishwa kunyamaza. Hao ni masahaba, wanangu. Basi yule mgeni aliyekuuliza jambo katikati ya rakaa ya pili, ukamkata jicho baada ya salamu kama kwamba amevunja msikiti, alikuwa amefanya lile lile walilolifanya wabora kuliko sisi kabla ya kufundishwa.

Qibla pia, ule upande wa kuelekea katika swala. Baada ya kuhamia Madina waliswali kuelekea Baitul Maqdis, Yerusalemu, miezi 16 au 17, kisha ikaja amri ya kuelekea Kaaba. Habari iliwafikia watu wa Quba, pembeni mwa Madina, wakiwa ndani ya swala ya alfajiri. Hawakuikata, waligeuka hapo hapo, nyuso zilizokuwa upande wa Sham, kaskazini, zikatazama Makka. Huwa naitafakari safu ile inavyogeuka gizani, wa nyuma wanajikuta mbele, miguu inagongana, wengine pengine hawajaelewa vizuri wanageukia nini. Na swala yao ikasihi.

Mnataka kujua Mtume alimfundishaje asiyejua kuswali? Mtu aliingia msikitini, akaswali chapuchapu, akaja kutoa salamu. Akaambiwa, "Rudi ukaswali, hujaswali." Akarudi akaswali vile vile. Mara tatu. Mwishowe mwenyewe akasema: sijui zaidi ya hivi, nifundishe. Ndipo akafundishwa: toa takbira, soma kilicho chepesi kwako katika Qurani, rukuu mpaka utulie, inuka mpaka usimame sawa, sujudu mpaka utulie. Maneno hayo hayajazi hata nusu ya ukurasa wa mzee wangu. Kilichorudiwa ndani yake ni kutulia.

Saumu ya Ramadhani ilifaradhishwa mwaka wa 2 Hijria. Kabla yake Waislamu walikuwa wakifunga Ashura, siku ya kumi ya Muharram. Ilipokuja, mwanzoni aliyeiweza alikuwa na hiari, afunge au alishe masikini. Baadaye hiari ikaondolewa kwa mzima aliye mjini kwake, wakabaki na ruhusa mgonjwa na msafiri. Na ipo habari ya Qays bin Sirma, mtu wa Ansari, wale wenyeji wa Madina waliompokea Mtume, ambayo ningependa kila mwalimu aijue. Siku hizo mtu akilala kabla ya kufuturu, basi kula kumempita mpaka magharibi ya kesho. Qays alirudi kutoka kazini amefunga, akamuuliza mkewe kama kuna chakula. Hakipo, akasema mke, lakini nakwenda kukutafutia. Kurudi akamkuta mume usingizi umemchukua. "Umekosa, masikini!" Kesho yake mchana ulipofika katikati, Qays akazimia. Ndipo ikashuka aya ya 187 ya Al-Baqara, ikawaruhusu kula na kunywa mpaka uzi mweupe wa alfajiri ubainike na uzi mweusi.

Uzi wenyewe nao una kisa. Adiyy bin Hatim, aliyesilimu baadaye, alichukua kamba mbili, nyeupe na nyeusi, akaziweka chini ya mto wake, usiku anazitazama asione tofauti. Alipomweleza Mtume, aliambiwa kwamba makusudio ni weusi wa usiku na weupe wa mchana. Hakufukuzwa darasani. Mnaona mlivyo wepesi wa kumcheka anayetamka "saumu" na "sumu" sawasawa? Adiyy alilala na kamba chini ya kichwa.

Zaka nitaisema kwa ufupi kwa kuwa mnaipa ufupi huo huo, na hapo nina neno. Jina lake limo katika sura za Makka bila kipimo. Nisabu, yaani kiasi cha mali kinachomwajibisha mtu zaka, na viwango vilikuja kubainishwa Madina. Dhahabu mithqali 20, kama gramu 85, na fedha dirhamu 200, kama gramu 595, zikipitiwa na mwaka hutolewa asilimia 2.5. Mazao ya mvua moja ya kumi, ya kumwagilia nusu yake, maana huyu ametoka jasho la maji. Sheria inajua hata ndoo iliyobebwa. Mtume alipofariki makabila fulani yakasema yataswali bila kutoa zaka, na Sayyidna Abubakar, khalifa wa kwanza, akaapa kupigana na atakayetenganisha viwili hivyo. Sasa fungueni At-Tawba aya ya 60, mhesabu makundi manane ya wanaopewa. La nne ni wale wanaotiwa nguvu nyoyo zao. Nami nimeona kwa macho yangu mtu ana wiki moja katika Uislamu, kafukuzwa kwao, hana pa kulala, na kapu la mchango linasimamishwa mbele yake mpaka atie mkono mfukoni kwa haya. Kapu lile lilitakiwa lielekee kwake.

Hija iko mbali na siku zake za mwanzo, msimtishe nayo. Kwa kauli ya baadhi ya wanazuoni ilifaradhishwa mwaka wa 9 Hijria, na Mtume mwenyewe baada ya Hijra alihiji mara moja tu, mwaka wa 10. Mkimsimulia, msimulieni Bibi Hajar, mama yake Nabii Ismail, akikimbia baina ya Safa na Marwa na mtoto ana kiu. Na msimulieni jambo la Arafa, uwanja wa nje ya Makka wanaposimama mahujaji: Makuraishi walijiona wakubwa, wakawa wanasimama Muzdalifa peke yao huku mahujaji wengine wote wakienda Arafa, mpaka ikashuka amri wamiminike kutoka pale wanapomiminika watu. Aliyezaliwa kwenye Uislamu asijitengenezee Muzdalifa yake ndani ya msikiti. Nawaona mnavyokaa duara lenu, na mgeni kwenye nguzo ya nyuma na viatu vyake mkononi.

Basi Ijumaa hii, yule aliyesilimu juzi, mmoja wenu amchukue. Mmoja tu, si sita. Asimpe karatasi. Aende naye kwenye maji, atawadhe yeye kwanza pole pole mwenzake anatazama, kisha amwachie zamu. Akianza na mkono wa kushoto, msimnyang'anye kopo. Ngojeni amalize, mumwambie, kisha arudie mwenyewe. Fatiha aya moja kwa siku inatosha, ni siku saba hizo. Akiuliza habari ya kucha, mjibuni. Asipouliza, kucha zipo.

Na mkikutana na mzee sana, mtu wa watu, mwenye karatasi nne zilizokunjwa mfukoni mwa shati, nisalimieni. Mwambieni ukurasa wa kwanza peke yake ungetosha, na aliyeyasema yale mengine anamwomba radhi.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum.

Mimi mzee wenu