Aliyepasuliwa nundu ya kidole gumba apewe maelezo yake mkononi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wanaosimamia hospitali zetu za Nyanda za Juu Kusini. Mimi ni fundi viatu hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya. Kwenye kibanda changu huja akinamama wengi, na wanaume wachache, wenye nundu ubavuni mwa kidole gumba cha mguu, wakitaka niwatanulie ngozi ya kiatu mahali panapobana. Wapo wanaosema walishapasuliwa, nundu ikarudi.

Mmoja wao ni dada yangu, mkulima wa viazi kule Isongole. Alipasuliwa katika hospitali ambayo sitaitaja. Kidole kilinyooka, akarudi shambani. Baadaye gumba likaanza tena kulalia kidole cha pili, na buti la mvua likamchuna hadi akapata kidonda. Nyumbani wakasema nyama imeota upya. Wengine, kama kawaida yetu, wakasema amevunja masharti.

Daktari wa mifupa aliyemwona safari ya pili alituambia kuwa nundu ile si nyama. Ni kichwa cha mfupa mrefu wa wayo ulioacha mstari wake na kutokeza ubavuni, huku gumba likiinamia vidole vingine. Ukichonga palipotokeza na kuuacha mfupa ulivyopinda, ni kama kupaka rangi kiatu ambacho soli imekwenda upande.

Akaomba picha ya eksirei ya mwanzo. Ilikuwepo, lakini ilipigwa dada akiwa amelala kitandani. Mguu usiobeba uzito huficha upindaji wake, kwa hiyo akasimamishwa kwa miguu yote miwili, ikapigwa nyingine. Daktari akachora mistari kwa penseli juu ya picha na kutuonyesha: gumba likiinama zaidi ya nyuzi 15 limeshapinda, na pembe kati ya mfupa mrefu wa kwanza na wa pili ikizidi nyuzi 9 ujue mifupa imeachana. Hata mimi niliyeishia darasa la saba nilielewa.

Kilichotukwamisha ni swali lililofuata: mara ya kwanza ulifanyiwa nini? Dada akatoa daftari lake la matibabu. Kulikuwa na mstari mmoja tu: "upasuaji wa mguu wa kulia". Basi.

Jibu la swali hilo ndilo linaloamua cha kufanya. Aliyechongwa nundu tu anaweza kukatwa mfupa, ukasogezwa kwenye mstari na kufungwa kwa skrubu. Aliyekwisha kukatwa mfupa na bado ukarudi, daktari hutazama nyuma zaidi, kwenye kiungo cha katikati ya wayo, maana kikilegea huuacha mfupa utembee tena. Kiungo hicho huunganishwa kisicheze, na njia hiyo si ya jana: Paul Lapidus wa Marekani aliiandika mwaka 1934. Kama kiungo cha gumba chenyewe kimelika, huunganishwa hicho. Kidole hakikunjiki tena pale, lakini kinaweza kukanyaga bila maumivu. Tena mfupa uliofupishwa mara ya kwanza ukifupishwa tena, uzito huhamia chini ya kidole cha pili, na hapo mgonjwa anabadilishiwa maumivu tu. Ongeza makovu, na skrubu za zamani ambazo hakuna ajuaye ni za aina gani. Mpasuaji wa pili anaingia gizani kwa sababu wa kwanza hakuandika.

Kwetu huku jambo hili lina gharama yake. Anayepewa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, anasafiri zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam. Kufika kule na daftari lenye mstari mmoja ni kumrudisha mtu mwanzo.

Ninaomba mambo mawili. Kila aliyepasuliwa mguu atoke na karatasi inayosema mfupa gani ulikatwa, wapi, na kimewekwa nini, pamoja na picha zake za kabla na baada. Pili, picha ya nundu ipigwe mgonjwa amesimama, isipokuwa kama hawezi kusimama. Hilo halihitaji mashine mpya.

Na madaktari wawaulize wagonjwa wetu kazi zao kabla ya kupanga tarehe. Baada ya kuunganishwa kiungo, mtu anaweza kuambiwa asiukanyagie mguu wiki sita hivi, na uvimbe huchukua miezi kuisha. Kumpasua mkulima wa Rungwe Novemba, mvua zikianza na jembe likimsubiri, ni kumtafutia balaa. Dada yangu amepangiwa Juni, viazi vikiwa vimeshatoka shambani.

Fundi viatu,
Mwanjelwa, Mbeya